Gauni Limesifiwa, Fundi Hajulikani

Ukumbi wa sendofu, saa tatu usiku. Mama mmoja kainuka kwenda kunawa mikono na meza mbili zimemgeukia. Amevaa gauni la kitenge lenye lesi mabegani, kiuno kimekaa mahali pake, pindo halijapanda wala kushuka. Hajafika kwenye koki, mgeni wa meza ya jirani kamshika mkono.

"Dada, samahani. Hilo gauni umeshona wapi?"

"Kuna fundi mmoja pale Sinza. Ukishuka kituoni unaingia na ile njia... ngoja kwanza. Pana duka jekundu la wakala, ukilipita tu."

"Anaitwa nani?"

"Mh. Jina lake kwa kweli silijui. Namba ninayo, ila sikumbuki niliiandikaje."

Simu ikatolewa, akaandika "fundi". Ikaja orodha: Fundi, Fundi 2, Fundi Bomba, Fundi Friji, Fundi Mpya, Fundi Usipokee. Muziki ukapandishwa, MC akawaita mashangazi wa bibi harusi mbele, na maongezi yakafia hapo.

Kisa cha namna hii kinatokea kwenye kila shughuli ya mjini, na kwa wiki kadhaa kimekuwa kikinirudia kichwani. Kazi ilikuwa nzuri. Mteja aliridhika kiasi cha kumsifia fundi bila kulipwa. Mteja mpya alijileta mwenyewe, akiwa na hela na shughuli ya mwezi ujao. Kila ambacho watu hulipia matangazo ili wakipate kilikuwepo pale.

Fundi hakupata hata shilingi.

Kizuri chajiuza, sawa

Tumelelewa na methali kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mafundi wengi huitumia kama jibu ukiwauliza habari za bango au kadi: "Kazi yangu ndiyo tangazo." Basi tuiangalie vizuri. Lile gauni lilijiuza kweli. Ambaye hakuuzika ni aliyelishona.

Embe zuri hulirudia kwenye fungu lilelile, kwa mama yuleyule, kesho asubuhi. Mshono hauko hivyo. Unatoka kibandani na kwenda kuishi harusini, ofisini, kanisani, kwenye Baraza la Idi, mahali ambapo fundi hayupo kujieleza. Ukiwa mzuri sana ndiyo unasifiwa mbali zaidi na kibanda, na huko mbali hakuna anayekijua.

Nikiri pia kwamba si kila biashara inahitaji kuhangaika na kukumbukwa. Duka la Mangi la mtaani linauza kwa sababu liko hatua chache kutoka mlangoni pako. Chumvi ikiisha huanzi kukumbuka jina la duka, unavaa ndala. Anayeuza kitu cha kila siku, karibu na watu, anabebwa na ukaribu. Mwenye shida ni yule anayehitajiwa mara mbili au tatu kwa mwaka: fundi cherehani, fundi friji, mpiga picha, mpishi wa shughuli, mwenye turubai na viti. Kati ya haja moja na nyingine sura yake inafifia. Kadiri haja inavyokuwa ya nadra ndivyo kazi ya kukumbukwa inavyokuwa kubwa, na hapohapo ndipo wengi hawafanyi chochote.

Halafu, kukumbukwa ni mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuja kichwani haja inapotokea: nimealikwa, nivae nini? La pili ni kupatikana baada ya kuja kichwani. Yule mama alikuwa na la kwanza, tena kwa wingi. Alikosa la pili.

Rangi ya bure

Turudi kwenye lile duka jekundu. Kampuni za simu na za soda humpakia mwenye duka rangi bila malipo, zikamwekea na bango, na kwenye kona ya bango ukaachwa ukanda mwembamba wa jina lake. Ukuta ulikuwa unabanduka, sasa unang'aa. Nani akatae?

Shida ni kwamba njia hiyohiyo ina maduka mekundu manne, na ya bluu mawili. Rangi inasema kuna vocha na kutoa pesa. Haisemi ni kwa nani. Mteja akielekezwa "lile jekundu" amepotea tayari, na fundi aliyejibanza pembeni yake kapotea naye.

Alama nyingi tunazozipenda ziko hivyo. Muuza kahawa anagonga vikombe, Mombasa, Unguja na Kariakoo. Anayepaka rangi kucha anagonganisha chupa zake, mng'arisha viatu anagonga brashi kwenye kisanduku. Ni sauti zenye akili sana: hakuna anayepiga kelele, na wewe ndani unajua nani anapita. Lakini ni sauti za kazi, hazina mwenyewe. Wakipita wauza kahawa wawili, mgongano wa vikombe haukwambii uliyemsifia jana ni yupi.

Nairobi, wenye matatu, yaani daladala za Kenya, walijaribu njia ya kujitofautisha. Mwaka 1933 mtafiti Hedwig von Restorff wa Ujerumani alionyesha kwamba kwenye orodha ya vitu vinavyofanana, kimoja kilicho tofauti ndicho kinachobaki kichwani. Wenye matatu hawakuhitaji kusoma utafiti huo. Walichora, wakafunga spika, wakayapa magari majina. Sheria za Waziri wa Uchukuzi John Michuki za 2004 zikataka mstari wa njano na kufuta michoro, hadi Rais Uhuru Kenyatta alipoiruhusu tena mwaka 2014. Abiria huacha gari mbili zipite akisubiri ya tatu, nauli ileile. Ila angalia njia ambayo kila gari lina michoro: hapo mchoro umeshakuwa kawaida, na gari jeupe lisilo na kitu ndilo linaloonekana. Tofauti haikai milele. Inategemea majirani zako wamefanya nini.

Kipimo chepesi ni hiki. Piga picha bango lako, ziba jina kwa kidole, mwonyeshe mtu. Kama lingeweza kuwa la fundi yeyote wa mtaa huo, basi hilo ni bango la ushonaji tu, bado hujaweka la kwako.

Na hata jina likiwepo, wengi hulifanya lisisomeke. Kwa makadirio ya wachora mabango, herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka vizuri kutoka mita 3, kwa hiyo anayetaka kusomwa ng'ambo ya barabara, mita 12, anahitaji herufi za sentimita 10. Daladala inayokwenda kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kwa sekunde. Bango linaloonekana kuanzia mita 30 linapata chini ya sekunde tatu za jicho la abiria. Ndani ya sekunde hizo hawezi kusoma TUNASHONA NGUO ZA KIKE NA KIUME, SARE ZA SHULE, MAPAZIA, TUNADARIZI, TUNATIA VIFUNGO, CHAJI SIMU. Atasoma maneno matano, tena kama rangi ya herufi inapingana na ya nyuma. Nyeusi juu ya njano ni sawa. Nyekundu juu ya bluu inacheza machoni, na ndiyo iliyojaa mitaani. Maneno matano yanatosha: fundi, jina, anachoshona zaidi kuliko wengine. Hayo mengine mwambie akiingia. Ushuru wa bango nao hukokotolewa kwa ukubwa, basi usiulipie maneno ambayo hayasomwi.

Mali ya Abdulla

Aliyelitatua jambo hili mapema alikuwa muuza kanga.

Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana mno kwa jina la Abdulla, aliuza kitu ambacho kila duka la jirani liliuza: kitambaa cha mstatili, chenye pindo, mji (pambo la katikati) na maandishi. Tena kanga lazima ibadilike. Doti, yaani jozi ya kanga, ya mwaka jana haivutii kama ya leo. Mapambo mapya, maneno mapya, rangi mpya kila msimu. Utakumbukwaje ikiwa bidhaa yenyewe haitakiwi kufanana na ya jana?

Alichofanya ni kuchapa kwenye kitambaa chenyewe alama isiyobadilika: K.H.E. – Mali ya Abdulla. Inasimuliwa pia kwamba ndiye aliyeanzisha, mwanzoni mwa karne ya 20, desturi ya kuweka misemo ya Kiswahili kwenye kanga. Tuuache huo mjadala. La muhimu kwetu ni mgawanyo wa kazi uliopo ndani ya kile kitambaa. Mji na pindo huvutia jicho. Msemo humpa mnunuzi kitu cha kusema na kitu cha kuagizia: mtu huenda dukani akataja maneno tu, akapewa doti anayoitaka. Ile alama ndogo pembeni inataja mwenyewe. Vitu vitatu, na hakuna kinachoingilia kazi ya mwenzake.

Na alama imekaa kwenye mali yenyewe. Haikubaki ukutani kwake, Biashara Street. Ilikwenda Lamu, ikaenda Unguja, ikaingia chumbani kwa mzazi na jikoni kwa bibi, ikafuliwa na kuanikwa kwenye kamba mbele ya majirani. Bango la dukani lingeonwa na wapita njia wa Mombasa tu.

Wafanyabiashara wa leo nawaona wakifanya kinyume: bidhaa ileile, nembo mpya kila mwaka. Mtoto wa dada kajifunza programu ya michoro, basi rangi zinabadilishwa. Jina linaongezewa "Classic", mwaka unaofuata "Royal". Mwenye biashara ndiye aliyeichoka nembo yake, kwa kuwa anaiona kila siku. Mteja ameiona mara tatu tangu Januari na ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kumkaa.

Lebo, na kwa nini hukatwa kwa wembe

Kwa fundi cherehani, pa kuiga alama ya Abdulla ni lebo.

Lebo za kufumwa huagizwa kwa mamia, na wachapaji wengi hawapokei oda ndogo. Anayeanza atumie utepe wa satini uliochapwa, akate vipande vya sentimita 5, akunje ncha zote mbili ndani kabla ya kushona. Kukunja ndiko kwenye siri. Satini iliyochomwa kwa kiberiti huacha ukingo mgumu unaokwaruza shingo, na mteja huikata kwa wembe siku ya kwanza kabla hata ya kwenda kwenye shughuli. Lebo yako inaishia kwenye ndoo ya taka.

Pa kuiweka hutegemea nguo. Shati na gauni la shingo nzima, nyuma ya shingo. Gauni la lesi mabegani, kama lile la ukumbini, usiweke shingoni maana itaonekana kwa nje. Ishuke kwenye mshono wa pembeni, upande wa kushoto, usawa wa kiuno. Sketi na suruali, ndani ya mkanda. Usiiweke nje. Mteja ameleta kitambaa chake, ni nguo yake, hakukuahidi kukutangazia.

Wino ujaribiwe. Kipande kimoja kiloweke kwenye maji ya sabuni ya unga usiku kucha, kisugue, kianike juani, rudia mara tano. Kikipauka, rudi kwa mchapaji kabla hajachapa kilichobaki. Maandishi yawe matatu tu: fundi na jina lake, mtaa, namba ya simu. Na hiyo namba iwe ile ambayo hutaibadilisha ukipata ofa ya laini nyingine. Lebo huishi miaka mingi kuliko laini za simu za Watanzania wengi.

Sare za shughuli ndipo lebo inapolipa. Kamati ya akina mama 30 wenye kitenge kimoja, wote meza za mbele, wote wanapigwa picha. Ukishona bila lebo umepeleka kazi 30 ukumbini zisizo na mwenyewe. Swali la "umeshona wapi" litaulizwa usiku huohuo, na jibu liwe mahali ambapo mtu anaweza kufunua na kusoma.

Jina linakuja nani?

Sehemu nyingine ambayo jina hukaa kwa mteja bila gharama ni meseji ya malipo, nayo imeharibika kuliko zote.

Kila anayelipa kwa simu anaijua hatua hii. Ameweka namba, ameweka kiasi, skrini imemletea jina, anasita na kuuliza, "Jina linakuja nani?" Muuzaji anajibu bila kuinua kichwa: "Ee, huyohuyo, laini ya shemeji." Mteja analipa. Meseji inayobaki kwenye simu yake ina jina la shemeji. Miezi minne baadaye anatafuta fundi kwenye meseji zake na haoni kitu.

Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara hurekebisha hilo, na faida yake ni zaidi ya kukwepa aibu: kila malipo yanaacha kwenye simu ya mteja jina lako, tarehe na kiasi. Ila jina hilo lifanane na la bango na la lebo. Ukisajili "Upendo General Enterprises" kwa sababu ulitaka siku moja uuze na saruji, huku bango linasema Fundi fulani, mteja haunganishi hivyo viwili.

Jina lipi basi? Kabla ya kulibuni, waulize wateja watatu: ukimwelekeza mtu kwangu, unasemaje? Watu huwa wameshakupa jina. Dar ina vituo vya daladala vinavyoitwa kwa watu, kama Sinza Kwa Remmy, kumbukumbu ya mwanamuziki Remmy Ongala aliyefariki mwaka 2010. Hakuna aliyepitisha azimio, midomo ilizoea. Kama kwako wanakuita "kwa Mpemba wa suti", usipigane nalo, lisajili. Na ukilisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, kama jina la biashara, jua kwamba hilo peke yake si sawa na alama ya biashara, ambayo huombwa kivyake, hudumu miaka 7 ya mwanzo Tanzania Bara, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina usajili wake.

Simu ya mteja nayo ina mtego. Watu hawahifadhi namba kwa jina la biashara, wanahifadhi kwa kazi. Ndiyo maana ya ile Fundi, Fundi 2, Fundi Mpya. Ukimpa kadi ataipoteza. Mpigie palepale, simu ikilia mwambie, "Dada, niandike Fundi Gauni Sinza." Neno la kazi litangulie, kwa kuwa ndilo atakaloandika akitafuta. Neno la pili likutenge na fundi bomba.

Mbona nasisitiza ahifadhi? WhatsApp inawatendea tofauti waliokuhifadhi. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi huchukua watu 256, na ujumbe wake haumfikii asiyekuwa na namba yako kwenye simu yake. Stetasi nayo haioni. Kuna wafanyabiashara wanaopandisha picha kila asubuhi, wakishangaa watazamaji ni ndugu zao na washindani. Wateja wenyewe hawakuwahi kuhifadhi namba.

Na picha ya mteja haipandishwi bila kumwuliza. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Ukiacha sheria, kuna wake za watu na kuna waliomwambia bosi wanaumwa.

Nusu saa ya mwisho

Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo yangu kuhusu jambo zima. Kwa muda mrefu nilidhani kukumbukwa ni suala la jina na alama. Ukisikiliza watu wanavyowazungumzia mafundi, hawaanzi na jina. Wanaanza na namna ilivyoisha.

Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio la maji baridi. Watu walitumbukiza mkono kwenye maji ya nyuzi 14 za selsiasi kwa sekunde 60. Mara nyingine walikaa sekunde 60 hizohizo, kisha wakaongezewa 30 huku maji yakipandishwa taratibu hadi nyuzi 15, bado baridi inauma. Walipoambiwa wachague ya kurudia, wengi walichagua ile ndefu. Waliteseka muda mrefu zaidi, lakini mwisho wake ulikuwa na nafuu, na kumbukumbu ilichukua mwisho.

Mwisho wa kawaida kwa fundi uko hivi. Mteja amefika jioni ya kuamkia shughuli, ameshaambiwa "njoo kesho" mara mbili. Umeme umekatika. Hajaribu, hakuna pazia. Anapewa nguo imeviringishwa kwenye gazeti, nyuzi zinaning'inia, pini moja imesahaulika kwenye pindo. Anaikuta pini hiyo akiwa anavaa. Mshono unaweza kuwa bora mtaa mzima. Atakachosimulia ni pini.

Urekebishe hivi. Siku ya kuchukua iwe angalau siku mbili kabla ya siku ya kuvaa, na uiandike kwenye risiti, usiiseme kwa mdomo. Tenga nusu saa. Pazia na kioo kirefu, hata kama kibanda ni kidogo, pazia linaning'inizwa kwenye waya. Ajaribu, akae chini, anyanyue mikono, maana atakula na atacheza. Kata nyuzi, pitisha sumaku kwenye mishono kutafuta pini. Piga pasi kwa kitambaa chenye unyevu juu yake, hasa kama ni pasi ya mkaa, kwani cheche moja hutoboa lesi na jivu haliondoki kwenye kitenge cheupe.

Kisha yale mawili ambayo karibu hakuna anayeyafanya.

Rudisha vipande. Kitenge cha yadi 6 kikitoa gauni la yadi 4, mteja anajua kuna kilichobaki, hata kama hasemi. Kila fundi anashukiwa juu ya hicho. Kikunje ukiweke juu ya gauni, kionekane wa kwanza. Kikitosha, kikate kilemba. Kazi ya dakika kumi, na kilemba hicho kitatajwa kila mara gauni litakapotajwa.

La pili, mwonyeshe ndani. "Mama, pembeni nimekuachia sentimita 3, ukinenepa ulete nilegeze." Mafundi wengi huiacha hiyo nafasi na wasiseme. Ukiisema, umeshampa sababu ya kurudi, na umemwambia kwamba gauni limeshonwa likae miaka.

Mfuko ni wa mwisho kabisa. Tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, Juni 1, 2019, imebaki ile mbadala, na iliyo chini ya gramu 70 kwa mita ya mraba haifikii kiwango, tena huchanika mpini. Mzito wenye jina lako utabebewa mboga sokoni mwaka mzima.

Daftari

Mteja amekupigia: "Fundi, nina kitenge kingine, vipimo vyangu unavyo?" Jibu la "njoo nikupime upya" ni la haki kiufundi. Kwake lina maana nyingine: hunijui.

Ukurasa mmoja kwa kila mteja. Kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono, mzunguko wa mkono, shingo hadi kiuno, kiuno hadi chini, na tarehe ya kupima. Chini yake bana kipande kidogo cha kitambaa alichoshona. Kisha mstari ambao ni wa thamani kuliko vipimo: alilalamika nini, alipenda nini, ilikuwa shughuli gani. "Kwapa lilimbana. Hapendi zipu ya nyuma. Kipaimara cha mwanawe." Akirudi, unamwambia, "Safari hii kwapa nimeongeza, na mtoto aliyepata kipaimara hajambo?" Hakuna nembo inayoshindana na hilo.

Vinavyoharibika: vipimo kuandikwa kwa chaki kwenye kitambaa, kwenye kipande cha boksi, au kichwani mwa fundi msaidizi atakayehama. Daftari liwe gumu, na kila wiki kurasa mpya zipigwe picha. Vipimo vikipita miezi sita, au mteja akijifungua, pima tena, lakini usimsomee namba kwa sauti. "Kiuno kimeongezeka, dada" mbele ya wateja watatu ni sentensi itakayokumbukwa kuliko lebo zako zote.

Wiki mbili kabla ya Idi

Yote haya yakifanya kazi, kunakuja tatizo ambalo washauri wa biashara huliruka. Watu wanakukumbuka wote kwa wakati mmoja: Idi, Krismasi, msimu wa harusi. Fundi mwenye cherehani moja anayemaliza magauni mawili kwa siku ana magauni 24 tu ndani ya siku 12 za kazi, na hapo umeme haujakatika wala lesi haijachanika. Toa manne ya dharura, zimebaki nafasi 20. Akipokea 35, kumi na tano zitaishia kwenye "njoo kesho", na hizo ndizo zitakazosimuliwa mwaka mzima.

Hesabu hiyo ibandikwe ukutani, nafasi 20, kila oda ikifuta moja. Zikiisha, funga. Anayekuja baada ya hapo asiambiwe "jaribu kupita". Aambiwe nimejaa, na atajiwe fundi mwingine kwa jina, aliye karibu, ambaye kazi yake umewahi kuishika. Mchukue vipimo hata hivyo, fungua ukurasa wake kwenye daftari, mpe karatasi yenye vipimo hivyo ampelekee huyo mwingine. Mwandike na siku ya kumpigia: Idi Mosi, Idi Pili, ya tatu yake, saa nne asubuhi, kumwuliza nguo ilikaaje.